Ukuta Mnao, Ufunguo Mnao: Barua ya Wazi kwa Magavana na Wawakilishi Wadi

Waheshimiwa Magavana wa kaunti 47, na Waheshimiwa Wawakilishi Wadi,

Nawaandikia hadharani kwa sababu ninachotaka kukizungumzia ni mali ya umma, na mali ya umma haifai kujadiliwa kwa kunong'onezana afisini. Ni habari ya wachoraji, wachongaji na wapigapicha wa mitaa na vijiji vyetu, na mahali pa kuonyeshea kazi zao. Sitajitia kuwa mwamuzi asiyeegemea upande. Niko upande wa wasanii, na naamini nyinyi pia mlipaswa kuwa huko tangu siku mlipokula kiapo.

Kila wasanii wanapolia, jibu la serikali za kaunti ni kwamba hakuna pesa za kujenga jumba la sanaa, na mazungumzo huishia hapo. Lakini jumba linaweza kusubiri. Kenya ina wachoraji wengi, na ina watazamaji wengi kuliko inavyodhaniwa. Kinachokosekana ni ukuta ambao mwananchi anaweza kuufikia kwa miguu, bila kiingilio na bila bawabu kumuuliza anamtafuta nani. Kuta hizo zilishajengwa zamani. Ziko katika kumbi za kijamii, maktaba, vituo vya vijana na vyumba vya kusubiria vya afisi zenu, na funguo zake ziko mikononi mwenu. Nitaeleza kwa vifungu.

1. Kazi hii ni yenu kisheria. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iligawa majukumu kati ya serikali ya kitaifa na serikali za kaunti. Shughuli za kitamaduni na burudani za umma ziliwekwa kwenu, na orodha yake inataja maktaba, makumbusho, na shughuli na vifaa vya michezo na utamaduni. Orodha hiyohiyo inataja leseni za vileo, na sijasikia kaunti iliyosahau kwamba leseni ya baa ni jukumu lake. Kifungu cha 11 cha Katiba nacho kinaitaka dola iendeleze utamaduni wa taifa kupitia fasihi na sanaa. Kwa hiyo msanii anayebisha mlango wa ukumbi wa wadi haombi fadhila. Anawakumbusha kazi mliyopewa. Tatizo ni kwamba idara ya utamaduni mara nyingi imebanwa ndani ya wizara moja na michezo, vijana na jinsia, na nguvu zake huishia kwenye ngoma za kukaribisha wageni siku za sherehe. Siidharau ngoma. Lakini ngoma huchezwa saa moja, wachezaji wakapanda lori kurudi kwao. Picha inahitaji wiki mbili tatu ukutani, ili aliyepita leo mbiombio aweze kurudi Jumamosi akiwa na mtoto wake. Serikali iliyozoea utamaduni wa jukwaani haijajiuliza utamaduni wa ukutani unahitaji nini.

2. Mzigo wenu umebebwa na wengine tangu uhuru. Katika miaka ya 1960 mchoraji Elimo Njau na wenzake walianzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa jijini Nairobi ili Mwafrika awe na mahali pake pa kuonyesha kazi yake. Kituo hicho kilipoungua mwaka 1997, kazi ya kukiinua tena iliwaangukia waanzilishi wenyewe. Gallery Watatu, iliyofunguliwa mwishoni mwa miaka hiyohiyo ya 1960, iliwatoa wachoraji wengi gizani, kisha nayo ikafunga milango. Kituo cha wasanii cha Kuona kilianza 1995 ndani ya Makumbusho ya Kitaifa, na kituo cha GoDown kikafuata 2003 katika eneo la viwanda. Banana Hill na Ngecha, wachoraji walijikusanya na kujipa vituo bila kumsubiri mtu. Alliance Française na Goethe-Institut, taasisi za Wafaransa na Wajerumani, zimewatundikia Wakenya picha zao kwa miongo mingi. Nawashukuru wote hao. Ninachouliza ni kwamba, katika orodha hiyo ndefu, baraza la mji lilikuwa wapi, na leo kaunti iko wapi? Mtu binafsi huchoka, huuza, hufariki, na warithi wakawa na mipango mingine. Mfadhili wa nje hubadilisha vipaumbele kwa barua moja kutoka makao makuu. Ukumbi wa wadi hauondoki. Na tukumbuke kwamba karibu majina yote niliyoyataja yako Nairobi au viungani mwake. Mchoraji wa Garissa, Kitui au Homa Bay akimaliza picha kumi, anazitundika wapi? Mara nyingi jibu ni sebuleni kwa mama yake, au kwenye simu.

3. Msipowaona wasanii wenu, hamtawajua siku mtakapowahitaji. Mwaka 2022, katika maonyesho ya documenta mjini Kassel, Ujerumani, ambayo ni miongoni mwa maonyesho makubwa kabisa ya sanaa duniani, wageni wa ukumbi mmoja waliingilia kwenye njia yenye kiza iliyojengwa kwa mabati yenye kutu. Mabati hayo yalikuwa lugha ya mtaa wa Mukuru, Nairobi. Walioyajenga ni Wajukuu Art Project, kikundi cha Lunga Lunga, Mukuru, ambacho kimekuwa kikiwafunza watoto wa mtaa kuchora miaka mingi, na mwaka huohuo kilitunukiwa Tuzo ya Arnold Bode. Wageni wa Kassel waliona kilichoko Mukuru. Wangapi kati ya wakazi wa Mukuru, ambao maisha yao ndiyo yaliyochorwa, wamewahi kuona kazi hizo kwenye ukumbi wa serikali ulio karibu nao? Sasa pimeni na kilichotokea Venice. Mwaka 2013 banda la Kenya katika maonyesho ya kimataifa ya sanaa ya huko lilijaa wasanii wa China na Italia, na Wakenya wakawa wachache kwenye banda lenye jina la nchi yao. Mwaka 2015 orodha ikarudi vilevile, China mbele. Wasanii wa Kenya walipiga kelele, waziri akajitenga na banda hilo, na likaondolewa. Mchoraji Michael Soi akaigeuza aibu ile kuwa mfululizo wa picha, na alifanya vyema. Najua Venice lilikuwa suala la serikali ya kitaifa. Lakini wizara inamtoa wapi msanii wa kumpeleka ng'ambo kama chini yake hakuna ukumbi hata mmoja wa umma unaoonyesha, mwaka baada ya mwaka, nani anafanya nini? Penye pengo hilo ndipo madalali hujipenyeza. Onyesho la kawaida kwenye ukumbi wa wadi, lenye majina na tarehe, ndiyo rejista ya kweli ya wasanii wa nchi.

4. Msiseme watu wetu hawapendi picha. Kauli hii nimeisikia kwa waheshimiwa wenye shahada mbili, na huwa najiuliza kama wamewahi kusimama kwenye steji ya matatu ya Rongai. Abiria huacha gari tupu lisilochorwa na kusubiri lile lenye nyuso za wanamuziki na wachezaji ubavuni, na wenye magari wanalijua hilo ndiyo maana wanamlipa mchoraji kabla hawajalipa deni la gari. Nendeni Kibera. Wachoraji wa kikundi cha Maasai Mbili walianza 2001 wakiwa waandishi wa vibao vya vinyozi na vibanda, yaani waliajiriwa na watu wa mtaa kabla hawajajulikana na mwenye galari yeyote. Mapema 2008, wakati damu ya vurugu za baada ya uchaguzi ilikuwa haijakauka, mchoraji anayejulikana kama Solo 7 alizunguka Kibera akiandika maneno ya amani kwenye kuta na milango ya mabati, na watu wakayasoma kwa kuwa yalikuwa pale walipoishi. Nendeni Murang'a, katika kanisa la St James, ambako Elimo Njau alichora mwaka 1959 michoro mitano mikubwa ya maisha ya Yesu, tangu kuzaliwa hadi msalabani, ndani ya mandhari ya Wakikuyu, kuwakumbuka waliouawa miaka ya vita vya Mau Mau. Muumini wa kule hakuhitaji tiketi wala kozi ya historia ya sanaa. Alikaa kwenye benchi, akatazama vilima vyake, akaelewa. Mwananchi anapenda picha iliyomfuata alipo, inayomhusu. Asichokipenda ni kupoteza nauli ya kwenda Westlands kukaguliwa mlangoni kama mshukiwa.

5. Kumbi zenu zinamfukuza msanii bila kusema neno. Hapa naomba mnivumilie, maana jambo lenyewe ni la misumari. Ukumbi wa kijamii wa kawaida una kuta za saruji au matofali zilizopakwa rangi ya mafuta, nusu ya chini rangi nzito ya kuficha uchafu, nusu ya juu krimu. Msumari ukiupiga unapinda, na ukiingia unang'oa kipande cha plasta ambacho karani atakudai. Viti vya plastiki vimerundikwa palepale ambapo picha ingekaa. Taa ni mirija miwili mitatu katikati ya dari, kwa hiyo kuta ndizo sehemu yenye giza kuliko zote. Na hata ukivumilia hayo, ukumbi Jumatano una karate, Alhamisi kamati ya matanga, Jumamosi harusi, Jumapili ibada, na kila mara msanii huambiwa atoe vitu vyake. Ndipo afisa husema kwa masikitiko kwamba ukumbi hauwezi kufungwa wiki mbili kwa sababu ya picha. Yuko sahihi, na hakuna aliyemwomba aufunge. Dawa ni reli ya chuma inayofungwa juu kuzunguka ukumbi, juu ya kimo cha mtu, na picha zikaning'inizwa kwa waya au uzi wa kuvulia samaki. Fundi wa kuchomelea wa mtaani hapohapo anaimaliza katika siku chache. Harusi itaendelea chini ya picha, na waliokuja kula pilau watakuwa wameona maonyesho bila kukusudia. Ongezeni taa chache zinazoelekezwa ukutani na mmepata jumba la sanaa mlilosema hamna pesa ya kulijenga.

Kuna pia suala la ada. Ada za kukodi kumbi hupangwa katika Sheria ya Fedha ya kaunti, ambayo nyinyi wawakilishi wadi huipitisha kila mwaka. Pale ambapo jedwali la ada halina mstari wa maonyesho ya sanaa yasiyo na kiingilio, karani hana budi kumtoza mchoraji kama anayefanya harusi au mkutano wa kampuni, na ada ya siku moja ikizidishwa kwa siku kumi na nne inameza bei ya picha zote. Karani simlaumu. Mstari huo ni nyinyi wa kuuandika.

6. Mnamtumia msanii bila kumlipa, na mnamkamata akijilipa. Sherehe ya kitaifa ikikaribia, mchoraji huitwa apambe ukuta wa uwanja kwa ahadi ya kujulikana, fulana na soda. Rangi inagharimu, na mwenye nyumba hapokei kujulikana. Mwanakandarasi aliyepaka ukuta huohuo rangi moja tupu alipewa hati ya ununuzi. Upande wa pili, kijana akizipanga picha zake kandokando ya barabara apate mnunuzi, kanjo, yaani askari wa kaunti, humchukulia mzigo wote juu ya lori. Michoro ya rangi ya mafuta ikirushwa juu ya mikokoteni na maboga haikomboleki hata faini ikilipwa.

Najua yatakayosemwa, na mengine yana uzito. La kwanza ni hospitali. Kaunti inadaiwa na wauzaji wa dawa, wauguzi wanagoma, halafu mtu anakuja na habari za picha. Ningeliona pingamizi hili kuwa kubwa kama ningeomba shilingi za kujenga. Ninaomba reli, taa, mstari kwenye sheria ya fedha na ruhusa ya kutumia majengo ambayo yanakaa tupu saa nyingi za juma. Hakuna mgonjwa atakayekosa sindano kwa hilo. Zaidi ya hapo, sheria ya kutenga asilimia 30 ya ununuzi wa serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu ipo tayari, na afisi zenu hununua mapambo kila mwaka: mapazia, maua ya plastiki, picha zilizochapwa za maporomoko ya maji ambayo hayako Afrika. Pesa hizo zinatumika sasa. Zielekezwe kwa mchoraji wa wadi aliyesajiliwa.

La pili ni wizi na uharibifu. Kumbi hizohizo huhifadhi vipaza sauti na viti, na maktaba huhifadhi vitabu. Tofauti ni kwamba vitu hivyo vina daftari. Picha zipewe daftari: jina, ukubwa, bei, hali yake ilipoingia, sahihi ya aliyepokea. Hasara ikitokea pajulikane nani analipa, na hilo liandikwe kabla picha ya kwanza haijapandishwa. Msanii mwenye karatasi hiyo mkononi atakubali hatari ambazo leo anazikataa, kwa kuwa leo akiibiwa hana pa kushtaki.

La tatu ndilo gumu: maadili na siasa. Ukumbi unaotumika kwa ibada Jumapili utabeba picha ya mwili uchi? Utabeba katuni ya gavana? Sidhani jibu ni moja kwa kaunti zote, na mzee wa Lamu ana haki ya kutaka mipaka tofauti na kijana wa Umoja, Nairobi. Mipaka ya heshima inaweza kujadiliwa na kamati ya wadi yenye wasanii, mkutubi, wazee na vijana, ikaandikwa, ikabandikwa mlangoni, ili mchoraji aijue kabla hajaleta kazi. Ila siasa isiwe sababu ya kuishusha picha. Ukumbi si wa gavana wala wa chama chake, na kiongozi anayeogopa mchoro kwenye ukumbi wa wadi atakuwa na shida kubwa zaidi kwenye debe.

Na msiniambie jambo hili haliwezekani kiutawala. Maktaba ya McMillan ilifunguliwa Nairobi mwaka 1931, na kwa zaidi ya miongo miwili Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Mwaka 2018 Kaunti ya Nairobi iliingia ubia na Book Bunk, shirika la Angela Wachuka na Wanjiru Koinange, kuifufua pamoja na matawi yake ya Kaloleni na Makadara, na matawi hayo yakakarabatiwa yakafunguliwa tena katikati ya mitaa ya Eastlands, mahali ambapo watu wanaishi. Jengo lilibaki la umma, na watu wenye ujuzi wakapewa nafasi ya kufanya kazi. Kama ubia uliwezekana kwa rafu za vitabu, utawezekana kwa kuta.

Haya ndiyo ninayoyaomba. Kila kaunti itangaze, kabla ya bajeti ijayo kusomwa, orodha ya kumbi, maktaba na vituo vinavyofaa kwa maonyesho, pamoja na jina la afisa anayeshika ratiba ya kila kimoja. Orodha isiyo na jina la mtu ni karatasi tu. Sheria ya Fedha iwe na mstari unaosamehe ada maonyesho yasiyo na kiingilio yanayofanywa na wasanii wakazi wa kaunti, na pale picha zinapouzwa, kaunti isidai kamisheni katika miaka mitano ya mwanzo. Kila kaunti ndogo ifunge reli na taa katika ukumbi mmoja mwaka huu, na ningependa kuanza na ule ulio mbali zaidi na makao makuu, kwa kuwa tumezoea kuanza na ule ulio karibu na afisi ya gavana, na hapo ndipo mradi hufia. Ukuta wowote wa umma unaochorwa kwa agizo la kaunti uwe na mkataba na malipo, na jina la mchoraji libaki ukutani hata uongozi ukibadilika. Kanjo wapewe amri iliyoandikwa kwamba kazi ya sanaa haibebwi kama takataka. Muuzaji akikosea mahali aonywe na kuonyeshwa ukumbi ulio karibu. Na kaunti inapojenga jengo jipya, itenge sehemu ndogo ya gharama yake kwa sanaa ya wenyeji. Ufaransa imekuwa ikitenga asilimia moja katika majengo yake ya umma tangu 1951, na haijafilisika kwa ajili hiyo.

Kinachoweza kupotea si cha kufikirika. Mchoraji asiyeonyesha hauzi, asiyeuza hanunui rangi, na asiyenunua rangi ataonekana mwaka ujao akiendesha boda boda. Ni kazi ya halali, lakini mtoto wa jirani aliyekuwa akimchungulia akichora atakuwa amepoteza mwalimu pekee aliyekuwa naye. Wale wachache watakaosalia watachora kile mtalii anachokitaka, twiga chini ya mgunga wakati wa machweo, kwa kuwa ndiye mnunuzi pekee aliyebaki. Nchi itakuwa na picha nyingi za twiga na chache sana za foleni ya maji, za mama wa mboga wa soko la Marikiti, za vijana waliokaa kijiweni wakisubiri kibarua.

Vikao vya kutoa maoni kuhusu Sheria ya Fedha na bajeti viko wazi kwa kila mkazi, na kwa kawaida hufanyikia katika kumbi hizohizo ninazozizungumzia. Nawahimiza wasanii wa kila wadi wafike mapema, wakae mbele, na wawe na nakala ya jedwali la ada mkononi. Wataanza kwa kuuliza mstari wao uko ukurasa wa ngapi. Tafadhali waheshimiwa, muwe na jibu.

Wenu mwaminifu,

Mlipa kodi na mpenzi wa sanaa za nyumbani